Fomu ya kupima ujuzi wa wauguzi imeandikwa kwa ajili ya wodi, mimi naipeleka visiwani. Naombeni uzoefu wenu

Sista_wa_Ziwani ameandika:

Habari za kazi ndugu zangu wauguzi, na wengine wote mnaopita humu.

Mimi ni muuguzi mkunga, nipo Mwanza, na nimo kwenye timu ya usimamizi shirikishi ya halmashauri moja ya huku ziwani. Muda si mrefu tutaanza kuzunguka zahanati za visiwani kupima ujuzi wa wauguzi, mmoja mmoja, pale pale anapofanyia kazi. Majibu ya zoezi hili ndiyo yatakayoamua nani aende mafunzo, nani anaweza kuachiwa kituo peke yake na nani lazima aongezewe mwenzake. Nimeomba niipitie fomu kabla haijatolewa nakala, na nimekubaliwa. Ndiyo maana nawaandikia.

Fomu yenyewe imetungwa na watu makini, ila wakati wanaiandika macho yao yalikuwa wodini. Kuna kipengele kinasema muuguzi "anamjulisha daktari wa zamu ndani ya dakika 5". Ninakokwenda hakuna daktari wa zamu. Kuna tabibu mmoja, kama hajavuka kwenda mjini Nansio, Ukerewe, kufuata dawa, na kuna nesi. Kingine kinasema "anaita gari la wagonjwa". Siku hizi m-mama ipo, unapiga 115 bure na usafiri unatafutwa, na imeokoa wengi. Lakini gari linamsubiri mama ufukweni upande wa pili. Kufika huko anahitaji mtumbwi wenye injini, na usiku wa giza injini karibu zote ziko katikati ya ziwa zinavua dagaa. Nesi anayejua nani kabaki mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, nani ana petroli ndani, na nani hata ukimgongea saa nane usiku hatakataa, ana ujuzi mkubwa sana, na kwenye fomu hii hakuna pa kuuandika.

Chukueni patografu, ule mchoro wa kufuatilia uchungu wa mama. Fomu inampa alama muuguzi aliyefanya uamuzi pale mchoro ulipogusa mstari wa kuchukua hatua, ule ulio saa 4 mbele ya mstari wa tahadhari. Hospitalini sina ubishi, chumba cha upasuaji kiko hatua chache kutoka leba. Zahanati isiyo na upasuaji inatakiwa imwondoe mama anapovuka mstari wa tahadhari, hilo tulifundishwa wote, na wa kisiwani kuna siku inabidi awahi hata kabla ya hapo. Nimemwona dada mmoja akimsafirisha mama mwenye sentimita 5, saa tisa alasiri, mchoro ukiwa bado mzuri kabisa. Alikuwa ameuliza habari za uzazi uliopita, akaambiwa mtoto alikwama siku nzima na akafa. Akatoka nje, akaangalia wingu, akasema huyu halali hapa leo. Hospitali iliyompokea ilimwandikia kwamba rufaa haikuwa na sababu. Usiku ule ule mama akaingia upasuaji. Yule dada mimi ningempa alama zote. Fomu hii ingempa sifuri.

Halafu wapo watu wenyewe. Visiwani huku kuna Wakerewe, Wakara, Wajita, Wasukuma, Waha, na kwenye makambi unakuta hadi waliotoka Uganda na Kenya. Wanahama kumfuata samaki. Mtu anaanza dawa za ARV mwalo huu, mwezi wa tatu yuko mwalo mwingine wilaya nyingine, kadi imelowa au imebaki kwa mke. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza, na mbalamwezi ikiiva wanapumzika, wanasafiri makwao, ndipo na kliniki inajaa wanaume. Ukienda kumpima nesi siku moja tu, unaona kile ambacho mwezi umekuruhusu kuona.

Kuna na magonjwa ya hapa. Kichocho cha tumbo huku ni cha miaka na miaka. Mvuvi wa makamo anatapika damu, tumbo limejaa maji, ndugu wanasema amerogwa. Nesi wa hapa anatakiwa afikirie ini na bandama zilizoharibiwa na kichocho, amwekee dripu, aanze mipango ya kumvusha, na wakati huohuo aongee na wale ndugu bila kuwadharau, maana wao ndio wenye mtumbwi. Fomu nzima haina neno kichocho.

Ninachoomba ni hivi. Waliowahi kupima, au kupimwa, mahali ambapo jamii ina maisha yake na hospitali iko mbali: mlipima nini, na nani alikuwa mpimaji? Ni yapi yasiyopunguzwa hata kidogo popote nesi alipo, na yapi lazima yaandikwe upya kwa ajili ya mahali? Na wagonjwa wenyewe, mliwasikiliza vipi bila kuwafanya waogope kumsema nesi wao?

Mkufunzi_Igoma amejibu:

Sista, mimi nafundisha wauguzi hapa Mwanza, kwa hiyo nitaongelea mikono.

Vyuoni tunatumia ule mtihani wa kuzunguka meza kwa meza, kila meza ina kazi yake na mwanasesere wake, mtindo ulioanzishwa na Ronald Harden kule Dundee, Uskoti, miaka ya 1970. Ni mtihani wa haki kwa wanafunzi. Kwa aliye kazini hautoshi, na ushahidi uko hapa hapa nchini.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, inahudumia Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe. Waliwafundisha wahudumu wa leba kwa siku moja kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Miezi kadhaa baadaye wakawapima kwa mwanasesere, wakafanya vizuri sana. Lakini waliokuwa wakiangalia kazi yenyewe leba, kwa watoto halisi, waliona utendaji haujabadilika. Matokeo hayo yalichapishwa 2013. Wangepimwa kwa mwanasesere peke yake, kila mtu angepewa cheti na watoto wangeendelea kufa. Walichofanya baadaye ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale leba, dakika chache kabla ya zamu, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kazi hiyo ndiyo iliyokua ikaingia kwenye vituo 30 vya mikoa 5, Mwanza ikiwemo, na matokeo yaliyotoka 2025 yanaonyesha vifo vya akina mama vilipungua kwa karibu asilimia 75 na vya watoto wa siku ya kwanza kwa asilimia 40. Vile ni vituo vikubwa kuliko zahanati zako, lakini mbinu ya mazoezi mafupi inabebeka kwenye begi.

Kwa hiyo usimwite nesi Nansio kwenye ukumbi. Beba mwanasesere wako, ingia leba yake, mwambie "mtoto huyu ametoka, halii", halafu shika saa. Aanze kumpumulisha ndani ya dakika 1, kwa ambu yake mwenyewe, ule mfuko wa kupumulishia, si ya kwako. Utajua mengi: ambu iko wapi, imeunganishwa au vipande viko kabati tofauti, barakoa ya mtoto mdogo ipo? Ukiweza fanya usiku, kwa tochi au taa ya sola anayoitumia siku zote.

Na ukimaliza, rudia naye hadi aweze. Kupima na kumwacha hapo hapo alipokwama mimi siwezi kukuunga mkono.

Mkunga_Mstaafu_Bugolora amejibu:

Mwanangu, umeandika vizuri na Mungu akubariki kwa kuwajali hao mabinti. Ila nina neno la tahadhari.

Nimezalisha visiwani tangu enzi za karabai. Nimewaona wauguzi hodari kupita maelezo, na nimeona pia uzembe ukijificha nyuma ya mazingira magumu. Mtu hajui kuandaa magnesi ya kifafa cha mimba, ukimuuliza anakuambia huku ni kisiwani. Kisiwani ndiko anakotakiwa kujua zaidi! Mama anaanguka kifafa, safari ya maji iko mbele yake, lazima apate dozi ya kuanzia kabla hajapanda mtumbwi. Gramu 4 kwenye mshipa taratibu, na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Hilo usilipunguze kwa sababu ya ziwa. Mtu asipoliweza, aandikwe kwamba haliwezi, na afundishwe.

Damu ya baada ya kujifungua hivyo hivyo. Mwulize: utajuaje amepoteza nyingi? Akikuambia mililita 500, mwambie akuonyeshe ni kiasi gani. Wengi hawawezi. Kule Kigoma walifanya utafiti na wakunga wa jadi, wakatumia kanga: zikiloa mbili chapachapa, mama amevuka kiwango, asafirishwe. Ni kipimo ambacho hata mama mkwe aliyekaa naye anaweza kukitumia, na nesi anayewafundisha hivyo ndugu wa mgonjwa ni nesi wa kweli.

Jambo lingine. Tenganisha ujuzi wa nesi na kabati la serikali. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu mama akishajifungua, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Friji la sola limekufa tangu masika, nesi ameliripoti, hajajibiwa. Mpimaji anakuja anaandika "oksitosini haijahifadhiwa ipasavyo", alama zinakatwa kwa binti wa watu. Hiyo ni dhuluma. Kama friji limekufa na yeye ameomba misoprosto, ambazo hazihitaji friji, na anajua kwamba za kuzuia damu ni mikrogramu 600 za kumeza, huyo mpe alama ya juu.

Nesi_wa_Mkoba amejibu:

Dada, mimi sipo ziwani. Nilifanya kazi Meatu, Simiyu, upande wa kuelekea Ziwa Eyasi, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa huduma ya mkoba kwa Wahadzabe. Naandika kwa sababu nilipimwa kule, na mpaka leo nikikumbuka matokeo naumia.

Wahadzabe ni watu wachache sana, elfu moja na kidogo, wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, ubuyu na asali. Kambi inahama kufuata chakula na maji. Mpimaji alikuja na fomu kama yako. Akaangalia rejista ya wajawazito, akakuta mahudhurio mawili, matatu, wakati mwongozo unataka 8. Alama zikakatwa. Hakuniuliza mahudhurio hayo yalifanyika wapi. Ni mimi niliyewafuata! Kambi ilikuwa imehamia ng'ambo ya korongo, niliuliza kwa mzee mmoja anayeuza asali mnadani, akanielekeza, nikampata yule mama, nikampima presha na wingi wa damu, nikamwachia vidonge, nikamchanja pepopunda. Hayo yote kwenye fomu yalikuwa tiki moja katika nafasi ya tiki nane.

Kwenye faragha nilipewa sifuri kwa sababu nilimpima mama chini ya mti. Wanawake wenzake ndio waliochagua mahali, wakasimama wakamzunguka kwa kanga, wanaume wakaondoka wenyewe bila kuambiwa. Mpimaji alikuwa amekaa kwenye gari. Kule kulikuwa na faragha kuliko zahanati nyingi za mjini ambako pazia limechanika na foleni yote inasikia unachoulizwa.

Sasa la lugha, naomba ulitilie maanani. Vijana wengi wa Kihadzabe wanazungumza Kiswahili, lakini mama mzee au msichana aliyezaliwa porini anaweza kukujibu "ndiyo" kwa kila swali kwa sababu ya heshima na kutaka umalize uende. Nesi mzuri haridhiki na ndiyo. Anamwambia mama, nionyeshe utakavyompa mtoto dawa hii. Hicho ndicho ningeweka kwenye fomu yako: je, muuguzi alihakikisha mgonjwa ameelewa, kwa kumtaka aonyeshe au arudie kwa maneno yake? Na wewe mpimaji ukikaa pale hujui Kikara wala Kijita, utapimaje mazungumzo ambayo huyasikii? Tafuta mtu wa lugha hiyo akae nawe. Asiwe ndugu wa nesi, na asiwe mtu anayeogopwa pale mwaloni.

Mama_Winnipeg amejibu:

Wabeja sana Sista kwa uzi huu. Mimi ni mtoto wa Magu, nauguza huku Manitoba, Kanada. Kwa muda nimekuwa nikienda kwa zamu kwenye jamii za Mataifa ya Kwanza, wenyeji wa asili wa Kanada, kaskazini, mahali ambapo mwaka mzima unafika kwa ndege ndogo, na barabara ipo wiki chache tu za baridi kali, barafu ikiwa nene ya kubeba malori. Vituo vinaendeshwa na wauguzi. Unapima, unaandika dawa, unashona jeraha, unampakia mgonjwa kwenye ndege. Daktari yuko kwenye simu. Nilipofika mara ya kwanza nilijiona niko kisiwani Irugwa, tofauti ni theluji.

Msidhani huku wamelimaliza suala hili. Mwaka 2015 Mkaguzi Mkuu wa Kanada alichunguza huduma katika jamii hizi za mbali Manitoba na Ontario. Alichukua wauguzi 45 na kuangalia kozi tano ambazo serikali yenyewe ilisema ni za lazima kwa kazi hiyo, kama kuokoa mgonjwa wa moyo, majeruhi, watoto mahututi, chanjo na utunzaji wa dawa za tiba zenye kulevya. Aliyekuwa amekamilisha zote tano ni mmoja. Mmoja kati ya 45, katika nchi tajiri. Kwa hiyo Mkunga Mstaafu yuko sahihi, mambo ya lazima yabaki ya lazima, ila aulizwe pia mwajiri: ulimpa nafasi ya kwenda kusoma, na nani alishika zamu yake alipokuwa hayupo?

Lakini kozi peke yake haitoshi. Septemba 2020, Joyce Echaquan, mama wa watoto saba wa jamii ya wenyeji wa asili ya Atikamekw, alifariki katika hospitali ya Joliette, Quebec. Kabla hajafa alirekodi kwa simu wahudumu wakimtukana akiwa kitandani na maumivu. Uchunguzi wa kifo chake ulieleza kwamba ubaguzi ulichangia. Mmoja wao alikuwa muuguzi mwenye leseni. Angepimwa kwa fomu yako, angepata tiki nyingi tu.

Ndiyo maana nakuomba usome kuhusu Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori wa New Zealand. Yeye na wenzake walisimamia wazo kwamba anayesema kama huduma ilikuwa salama kwa utu wake na mila zake ni mgonjwa. Nesi hawezi kujitathmini mwenyewe katika hilo, wala msimamizi hawezi kumtathminia. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la New Zealand liliingiza jambo hilo kwenye mafunzo ya kila muuguzi na mkunga. Kulikuwa na upinzani mkali, magazeti yaliandika, lakini limebaki.

Kwa vitendo huku nilipo, nimejifunza kuwauliza wale ambao hawakuja. Aliyekuja kliniki amekwisha kukubali. Mama aliyejifungulia nyumbani na zahanati iko mita mia tatu kutoka kwake, huyo ndiye ana habari ya nesi wako. Mwulize kwa upole kwa nini. Inawezekana ni mume, inawezekana ni fedha, na inawezekana alipokwenda mimba ya kwanza alifokewa kwa sababu alikuwa amekunywa dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Akifokewa mara moja, mimba ya pili ataficha kwamba amekunywa, na nesi atakuwa anasoma patografu ya uongo.

Mwenye_Mtumbwi amejibu:

Mimi si mtu wa afya, ni mvuvi na ni kiongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo, mwalo mmoja upande wa Ukerewe. Binti yangu kanionyesha hapa.

Sisi nesi tunampima hivi. Mtoto wa kambini alishikwa degedege usiku. Watu walikuwa wanampeleka kwa mganga. Nesi akaja mwenyewe, hakumgombeza mtu. Alimlaza ubavu, akamwekea dawa njia ya haja kubwa, akamwambia bibi yake, mganga wako nitakuja naye tuongee, ila sasa hivi mtoto anakwenda Nansio. Bibi akakubali. Mimi ndiye niliyeendesha. Tangu siku ile mtoto akichemka watu wanakwenda kwake kwanza.

Aliyekuwepo kabla yake alikuwa na vyeti vingi, lakini dirisha lake ukigonga usiku linafunguliwa na mlinzi. Naomba muulize na sisi wa mwaloni. Na msije siku ya mnada, wote tunakuwa Nansio.

Sista_wa_Ziwani amejibu:

Shikamoo Mama Mkunga, shikamoo mzee wa BMU. Nawashukuru wote kutoka moyoni. Nimekaa na fomu usiku kucha nikiwasoma.

Mama, la mikono nimekuelewa na nimelifunga. Mtoto asiyepumua, kifafa cha mimba, damu nyingi, mtoto mwenye malaria kali anayepelekwa rufaa: hayo manne yanabaki na kiwango kile kile cha hospitali, bila sentensi ya mazingira. Yatapimwa leba kwake, kwa vifaa vyake, kama Mkufunzi alivyosema. Pembeni ya kila kipengele nimeongeza nafasi ya kuandika kama kilichokosekana ni ujuzi au ni kifaa, na kama ni kifaa, aliripoti lini na alijibiwa nini. Sehemu hiyo haitahesabiwa kwenye alama za nesi, itakwenda kwa Mganga Mkuu moja kwa moja.

Kwenye rufaa nimebadilisha kabisa. Kipengele cha daktari wa zamu nimekiondoa. Nitachukua rejista ya rufaa, tuketi naye, anieleze kila aliyemvusha: uliona nini, saa ngapi, ziwa lilikuwaje, ulimpigia nani, ulimpa nini kabla hajaondoka. Na wale ambao hakuwavusha pia. Kisha nitafuatilia hospitalini kilichotokea. Nimegundua nikiandika hivi kwamba huku kwetu nesi karibu hapati kamwe mrejesho wa mgonjwa aliyempeleka. Anampakia mama kwenye mtumbwi, habari anaipata wiki mbili baadaye kwa wauza dagaa. Mtu atajifunzaje kuamua vizuri kama hajui uamuzi wake uliishia wapi? Hili nimelipigia mstari kuliko yote, na nitalisema kwenye kikao hata kama si sehemu ya tathmini.

Kichocho kimeingia, pamoja na kumkadiria mtu vidonge kwa kijiti cha urefu. Mvuvi anayehamahama na ARV zake ameingia pia: anapokewaje akifika bila kadi, na anapewa dawa za muda gani kabla hajaondoka tena.

Dada wa mkoba, pole sana kwa yale yaliyokukuta. Nimeweka kipengele cha kumtaka mgonjwa aonyeshe alichoelewa. Kwa lugha, nimepata wahudumu wa afya ngazi ya jamii kutoka visiwa tofauti, tutawabadilisha, wa Ukara aende kwingine na wa kwingine aje Ukara. Hao hao ndio watakaoongea na akina mama waliojifungulia nyumbani, mimi nikiwa mbali. Mama Winnipeg, hilo ni lako, na naona ndilo litakalopata upinzani kikaoni. Kuna mtu tayari ameniambia wagonjwa hawajui uuguzi. Nimemjibu kwamba simwulizi mama kipimo cha magnesi, namwuliza kama angerudi.

Tutakwenda mara mbili kila kituo, giza na mbalamwezi. Na mzee, siku ya mnada nimeikwepa.

Nesi_wa_Mkoba amejibu:

Swali moja tu dada. Ukimpima mtu mchana, ukakuta la mtoto kupumua haliwezi, ninyi mnapanda boti jioni mnaondoka. Usiku ule mama akija kujifungua?

Sista_wa_Ziwani amejibu:

Umenikamata pabaya, kwenye ratiba boti inarudi jioni ileile. Leo asubuhi nimeomba ilale, turudi kesho yake, ili mwenzetu mmoja abaki naye zamu ya usiku na wafanye mazoezi na mwanasesere mpaka aweze. Anayeshindwa magnesi naye hivyo hivyo. Posho ya kulala wamekubali. Mafuta ya ziada bado wanayajadili, wameniambia nije Jumatatu na hesabu ya lita. Mwenye Mtumbwi, kama unaniona hapa, naomba uniambie injini ya nguvu farasi 25 inakunywa kiasi gani kutoka Bugolora hadi Irugwa na kurudi, ziwa likiwa limechafuka.